Maswali ya Wasomaji: Sumu Zinazobaki Baada ya Mashine Kusafisha Damu

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi mashine ya dialisisi inavyosafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Barua tulizopokea baada ya hapo zilikuwa nyingi, na karibu zote zilizunguka jambo moja: mbona mgonjwa anasafishwa kila wiki na bado hajisikii msafi? Nimechagua barua tano, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 52 na huu ni mwaka wake wa pili kwenye mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Majibu ya mwezi uliopita yanaonyesha yurea inashuka kwa asilimia 72, na tuliambiwa anasafishwa vizuri sana. Lakini usiku hujikuna mpaka shuka zinapata damu, chakula anasema kina ladha ya chuma, na usingizi hana. Kama amesafishwa vizuri, hiyo inayomsumbua ni nini? — Mama wa watatu, Morogoro

Marahaba, dada, na pole kwa kuuguza. Nianze kwa kusema kwamba waliowapa majibu hayo hawakuwadanganya. Kiwango cha chini kinachokubalika ni yurea kushuka kwa asilimia 65, na mumeo amekipita. Ila asilimia hiyo ni ya kitu kimoja tu, na kwa bahati mbaya kitu hicho ndicho chepesi kuliko karibu vyote ambavyo figo hutoa. Yurea, taka inayotokana na protini, ni molekuli ndogo yenye uzito wa daltoni 60 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), huyeyuka katika maji, huingia na kutoka kwenye seli bila kizuizi, wala haijishikizi popote. Ikifika kwenye chujio la mashine hupita kama tui linavyopita kwenye kifumbu. Tunaipima kwa sababu kuipima ni rahisi na ni nafuu, na kwa sababu mgonjwa ambaye hata yurea yake haishuki hakika hasafishwi. Kinyume chake si kweli: yurea kushuka hakuthibitishi kwamba na zile nyingine zimetoka.

Hili lilijulikana kwa njia ya uchungu. Nchini Marekani ulifanyika utafiti mkubwa uitwao HEMO, wenye wagonjwa 1,846, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002. Nusu walisafishwa kwa kiwango cha kawaida cha yurea na nusu kwa kiwango cha juu zaidi, na watafiti walitarajia kwamba hao wa pili wangeishi muda mrefu zaidi. Haikuwa hivyo, kwa jumla vifo havikutofautiana. Kuendelea kuisukuma yurea peke yake kulikuwa kumefika ukingoni.

Sumu ambazo figo zikifa hubaki mwilini wataalamu huzigawa katika makundi matatu. La kwanza ni hizo ndogo zinazoyeyuka katika maji, yurea ikiwa mfano wake. La pili ni molekuli za kati, ambazo ni kubwa kiasi cha kukwama kwenye chujio lenye matundu madogo. Mfano unaotajwa sana ni beta-2 mikroglobulini, yenye daltoni karibu 11,800, yaani uzito wa yurea mara 200 hivi. Mwaka 1985 watafiti wa Japani walionyesha kwamba protini hiyo ndiyo inayojirundika kwenye viungo vya watu waliokaa kwenye dialisisi miaka mingi, ikabana mshipa wa fahamu wa kifundo cha mkono mpaka vidole vinakufa ganzi na mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati lake.

Kundi la tatu ndilo lenye ukaidi wa kweli. Humo zimo indoksili salfeti na para-kresili salfeti, ambazo kwa umbo ni ndogo, hazifiki hata daltoni 250, na kwa udogo huo zingepaswa kupita kwenye chujio lolote. Tatizo ni kwamba zaidi ya asilimia 90 yake imeng'ang'ania albumini, protini ya damu yenye daltoni 66,500 ambayo hatutaki kabisa itoke, kwa sababu mgonjwa akiipoteza atavimba na kudhoofu. Fikiria zizi lenye tundu dogo ukutani. Kupe anaweza kupita kwenye tundu hilo, ng'ombe hawezi. Na kupe aliyeng'ata mgongo wa ng'ombe atabaki zizini pamoja na ng'ombe wake. Mashine inawapata wale wachache tu waliokwisha kuachia. Ndiyo maana katika dialisisi ile ile ambayo yurea inashuka kwa zaidi ya asilimia 70, indoksili salfeti hushuka kwa kiasi cha theluthi moja, na kabla ya siku ya kurudi kwenye mashine imekwisha kupanda tena.

Nini kifanyike kwa hawa kupe? Wengi hudhani dawa ni kuongeza kasi ya pampu ya damu. Kwa sumu za kundi la tatu hilo halisaidii sana, kwa kuwa damu inayopita tayari inatosha; kinachokosekana ni nafasi upande wa pili wa utando, yaani ule ukuta mwembamba wa chujio unaotenganisha damu na maji. Sumu huru katika damu ni chache mno, hivyo maji ya dialisisi yanayopita nje ya utando yakipata kiasi kidogo tu hulingana nazo, na vitu vikishalingana pande zote mbili, safari inakoma. Mwaka 2004 watafiti, akiwemo Timothy Meyer wa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba ukitumia chujio lenye eneo kubwa zaidi na ukaongeza mtiririko wa maji ya dialisisi, uondoaji wa sumu hizi unapanda kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu upande wa maji hubaki mtupu wakati wote na kupe wanaendelea kuachia mmoja mmoja. Kwa hiyo, unapozungumza na daktari wa mumeo, mbali na kasi ya damu uliza pia maji yanapita mililita ngapi kwa dakika, na chujio lake lina ukubwa gani. Mashine nyingi huwekwa kwenye 500. Kuna zinazofika 800. Nakiri kwamba hilo lina gharama: 500 kwa dakika kwa muda wa saa nne ni lita 120 za maji yaliyosafishwa, na 800 ni lita 192, na katika miji yetu ambako kituo hununua maji ya boza wakati wa kiangazi, tofauti hiyo inamgusa mwenye kituo mfukoni. Hata hivyo ni swali halali, na mgonjwa ana haki ya kulijibiwa.

Upande mwingine wa jambo hili uko jikoni kwenu. Sumu hizi mbili haziletwi na figo. Zinaanzia kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huvunja mabaki ya protini, ini likayamalizia. Watafiti wa Stanford waliwapima wagonjwa wa dialisisi ambao utumbo wao mpana ulikwisha kuondolewa kwa upasuaji, wakakuta kwamba sumu hizo karibu hawana kabisa. Bila shaka hakuna anayependekeza upasuaji. Somo lililomo ni kwamba chakula kikikaa tumboni siku nne bila kutoka, bakteria wanaendelea kutengeneza. Wagonjwa wetu wengi wana choo kigumu, kwa sababu wanapunguza maji, wanameza vidonge vya madini ya chuma, na wanaogopa matunda na mboga kwa ajili ya potasiamu. Dona badala ya sembe, mtama, ulezi kwa kiasi, na kabichi iliyochemshwa kwa maji mengi kisha maji yakamwagwa, ni vyakula ambavyo mtaalamu wa lishe anaweza kuwapangia kulingana na potasiamu yake. Msianze kabla ya kupima.

Nimalizie na kujikuna kwenyewe, kwa sababu nisingependa uhamishie kila kitu kwenye sumu hizi. Kuwashwa kwa mgonjwa wa figo kuna vyanzo vingi: fosfeti iliyopanda, homoni ya paratiroidi iliyopanda, ukosefu wa madini ya chuma, na ngozi iliyokauka tu. Ombeni vipimo hivyo vitatu vya kwanza. Kwa ngozi, mpake mafuta mengi mara tu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi yanatosha. Na zipo dawa za hospitali za kutuliza kuwashwa huku, ambazo dozi yake kwa mtu asiye na figo ni ndogo sana kuliko ya mtu mzima wa afya, kwa hiyo zisinunuliwe dukani bila cheti.

Daktari, habari za kazi. Nina miaka 34, nasafishwa mara mbili kwa wiki kwa sababu ya umbali na nauli. Nikifikisha saa tatu na nusu huwa namwomba sista anitoe ili niwahi gari. Nilisoma kwamba pampu ikiongezwa kasi kazi inaisha mapema. Je, nikiomba waongeze kasi, nusu saa hiyo si itakuwa imefidiwa? Fosfeti yangu iko juu kila mwezi ingawa nameza dawa. — Kijana wa Kilifi

Nzuri, kaka, na nakushukuru kwa kuandika jambo ambalo wengi hulifanya kimyakimya. Jibu ni hapana, na fosfeti yako imekwisha kukujibu kabla yangu.

Fosfeti ni ndogo na haijashikamana na albumini kama wale kupe, lakini makao yake si damu. Sehemu kubwa imo ndani ya seli na mifupa. Mashine inapoanza, fosfeti iliyomo kwenye damu inashuka haraka katika saa ya kwanza na ya pili; baada ya hapo kiwango hakishuki tena sana, kwa kuwa iliyoko ndani inatoka polepole kuja kujaza nafasi. Mtu akiangalia atasema kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza zile za ndani zinatoka. Na ukishatolewa kwenye mashine inaendelea kutoka, ndiyo maana saa chache baadaye fosfeti ya damu imepanda tena. Hapa pampu haina la kufanya. Huwezi kumharakisha mtu anayetoka chumba cha ndani kwa kupanua mlango wa barabarani.

Tupige hesabu ya makadirio. Mtu anayekula kawaida hupata kama miligramu 900 za fosforasi, madini ambayo mwilini huwa katika umbo la fosfeti, kwa siku, na karibu asilimia 60 huingia mwilini. Kwa wiki ni kama 3,800. Dialisisi ya saa nne huondoa takriban 800 hadi 900. Anayekwenda mara tatu anatoa kama 2,500, nawe unayekwenda mara mbili unatoa kama 1,700, tena kama unakamilisha saa zako. Nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa mwaka mzima, ni saa 52. Hizo ni dialisisi 13 kamili, kaka, yaani wiki sita na nusu za matibabu ambazo umezikosa na hakuna aliyeziandika kwenye faili.

Nimesimama kando ya vitanda vingi nikimwona mgonjwa akikodolea macho saa ya mashine inayohesabu kurudi nyuma, dakika 34, dakika 33, mkono wenye sindano umetulia kwenye mto na ule mwingine unamwita nesi. Ninajua kiti kile kinavyochosha, na ninajua gari la mwisho la kwenda kwenu halimsubiri mtu. Sikulaumu. Ninachokuomba ni uende kwa msimamizi wa kituo umwambie wazi kwamba tatizo lako ni usafiri, akubadilishie zamu uingie asubuhi. Vituo vingi hufanya hivyo wakielezwa, lakini wakiona mtu anaomba tu kutolewa mapema huandika kwamba mgonjwa amekataa, na habari inaishia hapo.

Muda una faida nyingine ambayo pampu haiwezi kuinunua. Maji yanayovutwa mwilini hayapaswi kuzidi mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, maana yakivutwa haraka zaidi moyo huumia. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni 780 kwa saa. Ukija na lita tatu na nusu, unahitaji karibu saa nne na nusu. Huko Tassin, karibu na mji wa Lyon nchini Ufaransa, kwa miongo mingi wagonjwa wamesafishwa kwa muda wa saa 8 mara tatu kwa wiki, na kituo hicho kimejulikana kwa wagonjwa ambao presha yao ilidhibitiwa bila dawa nyingi. Mwaka 2010 pia ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada wa wagonjwa 245, ambao baadhi yao walisafishwa mara sita kwa wiki: fosfeti ilishuka, presha ilishuka, na misuli ya moyo iliyokuwa imenenepa ikapungua, ingawa fistula zao (mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine) zilihitaji kushughulikiwa mara nyingi zaidi. Nisikufiche kwamba hata hao, sumu zilizong'ang'ania albumini zilishuka kidogo tu. Muda ni dawa kubwa ya fosfeti, ya maji na ya molekuli za kati, na ni dawa ndogo ya wale kupe niliowaeleza kwenye barua ya kwanza.

Kuhusu dawa yako ya fosfeti, niambie unaimeza saa ngapi. Dawa hizi, iwe ni kalsiamu kaboneti au sevelama, hufanya kazi tumboni kwa kuishika fosfeti ya chakula isiingie kwenye damu. Ukiimeza asubuhi pamoja na za presha, tumbo likiwa tupu, haina cha kushika. Imeze na tonge la kwanza au katikati ya mlo, na mlo wenye nyama au samaki upate vidonge vingi kuliko chai na mkate, kwa mpango utakaopewa na daktari wako. Kisha tazama chanzo. Maharage yana fosforasi, ila sehemu kubwa imefungwa katika hali ambayo matumbo yetu hayaivunji vizuri, kwa hiyo inayoingia ni chache. Fosfeti inayoongezwa kiwandani kwenye soseji, kwenye nyama za kopo na kwenye soda nyeusi za kola huingia karibu yote. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wana nyingi. Nimewaona watu walioacha maharage kwa hofu huku soda ya kola iko mkononi.

Jambo la mwisho ni sindano zako. Kama ile inayovuta damu na ile inayorudisha zimechomwa karibu karibu, au fistula imebana mahali, damu iliyokwisha kusafishwa hurudi kwenye mashine badala ya kwenda mwilini, na unakaa saa nne ukisafisha damu ile ile. Gusa fistula yako kila asubuhi: ule mtetemo unaousikia vidoleni ukipungua au ukigeuka kuwa mpigo mgumu, sema siku hiyo hiyo.

Assalamu alaykum daktari. Sisi tuko Muscat. Mjomba wangu ameambiwa anaweza kuhamishiwa kwenye mashine ya hemodayafiltresheni, na familia imegawanyika. Wengine wanasema ni biashara tu. Je, ina faida ya kweli? — Mpwa wake

Wa alaykumu salaam. Faida ipo, na kwa maoni yangu kama kituo kina uwezo wa kuifanya vizuri na mjomba ana njia nzuri ya damu, akubali.

Katika dialisisi ya kawaida sumu husambaa zenyewe kutoka kwenye damu kwenda kwenye maji, kama chumvi inavyosambaa katika sufuria bila kukorogwa. Ndogo hukimbia, kubwa hujikokota. Katika hemodayafiltresheni mashine huongeza jambo la pili: inasukuma maji mengi ya damu yavuke utando, na maji yale hukokota molekuli za kati kama mto uliofurika unavyokokota magogo, kisha mgonjwa anarudishiwa kiasi kile kile cha maji safi kilichotengenezwa papo hapo na mashine. Beta-2 mikroglobulini hutoka kwa wingi zaidi. Wale wa kundi la tatu hawapati mabadiliko makubwa, kwa sababu ng'ombe bado hapiti.

Utafiti uliobadilisha mawazo ya wengi wetu unaitwa CONVINCE, uliochapishwa mwaka 2023. Ulikuwa na wagonjwa 1,360 katika nchi nane za Ulaya, ukalinganisha dialisisi ya kawaida yenye chujio la matundu makubwa na hemodayafiltresheni ya kiwango cha juu. Katika muda wa kama miaka miwili na nusu walifariki asilimia 17.3 ya waliokuwa kwenye hemodayafiltresheni na asilimia 21.9 ya wale wengine. Tofauti hiyo ni ya watu halisi. Lakini kuna sharti ambalo familia ilijue: kiwango cha juu maana yake ni maji yaliyosukumwa yafike angalau lita 23 kila mara, na waliochaguliwa walikuwa watu waliotarajiwa kuweza kukifikia. Ili kukifikia kwa muda wa saa nne, damu inapaswa kupita kama mililita 350 kwa dakika, jambo ambalo ni rahisi kwa fistula nzuri na gumu kwa mpira wa shingoni unaoziba kila mara. Muulizeni daktari wake swali moja: mjomba anafikisha lita ngapi? Kama jibu ni 14, mashine imebadilika jina tu.

Swali la pili liwe la maji, na hapa naomba mnivumilie nirefushe, maana ni jambo linaloniumiza. Katika hemodayafiltresheni maji yanaingizwa moja kwa moja kwenye mshipa, kwa hiyo lazima yawe safi kupita kiasi kinachotosha dialisisi ya kawaida: bakteria pungufu ya 0.1 katika kila mililita hata kabla mashine haijayachuja mara ya mwisho, wakati kwa maji ya dialisisi ya kawaida kikomo kinachotumika ni pungufu ya 100. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, kituo cha dialisisi kilipokea maji ya lori kutoka bwawa lililokuwa na mwani wa sumu, maji ambayo hayakuwa yamesafishwa ipasavyo. Wagonjwa walianza kutapika, kuona ukungu na kudhoofu wakiwa kwenye mashine, na zaidi ya 50 wakafa kwa ini kushindwa kazi. Na hiyo ilikuwa dialisisi ya kawaida. Tangu hapo, mimi ninapoingia kituo chochote, chumba cha kwanza ninachoomba kuonyeshwa ni cha maji. Nataka kuona daftari la vipimo limejazwa na kusainiwa, kwa tarehe za mwezi huu.

Mkikuta kwamba kituo hakina maji ya kiwango hicho, kuna njia ya kati: machujio mapya yenye matundu mapana zaidi, yanayofungwa kwenye mashine ya kawaida na kuondoa molekuli za kati zilizo kubwa zaidi. Hupoteza gramu chache za albumini kila mara, kwa hiyo albumini ya mjomba ifuatiliwe na ale protini ya kutosha.

Kuna vidonge vya mkaa vinauzwa mtandaoni, muuzaji anasema vinanyonya sumu zote za figo na mtu anaacha mashine. Nimnunulie baba? — Arusha

Usimnunulie, na baba asiache mashine hata mara moja. Naelewa ahadi hiyo inatoka wapi. Nchini Japani kuna dawa ya chembechembe za kaboni iitwayo AST-120, iliyoruhusiwa tangu mwaka 1991, ambayo hushika zile sumu za utumbo kabla hazijafika kwenye ini. Ilitolewa kwa watu ambao bado hawajafika kwenye mashine, na ilipopimwa kwa majaribio makubwa nje ya Japani haikuonyesha kuchelewesha dialisisi. Mkaa wa kawaida wa vidonge si dawa hiyo. Tena haubagui: hunyonya na dawa za presha na za moyo alizomeza asubuhi.

Mkaa hutumika pia kwa njia nyingine, hospitalini, ambapo damu hupitishwa kwenye kopo lenye chembe za kunyonya sumu, mara nyingi pamoja na dialisisi. Hiyo inafanyika sana China, na ina mantiki, kwa sababu chembe zile huwavuta kupe waliong'ang'ania. Bado ni ghali, na kazi hiyo ni ya daktari.

Kwa kuwa mtandao una maneno mengi, niseme na hili. Mwaka 2019 watafiti wa Mexico walichapisha jaribio dogo ambamo ibuprofeni iliingizwa kwenye mrija wa damu kabla ya chujio wakati wa dialisisi. Dawa ile hugombania nafasi kwenye albumini, sumu zikaachia na kutoka zaidi. Ni wazo zuri la kitaalamu. Halimaanishi mgonjwa anunue ibuprofeni ameze nyumbani: akimeza atapata vidonda vya tumbo na kutokwa damu, na atapoteza mkojo kidogo aliobakiwa nao.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 61, nina miezi saba kwenye mashine na bado napata mkojo kama nusu lita kwa siku. Nikiuliza kama una maana yoyote naambiwa nisijali, figo zimekufa. Je, ni kweli? — Bukoba

Mama, wewe ndiye wa kupewa shikamoo na mimi. Si kweli kwamba hauna maana, na naomba uujali kuliko vidonge vyako vingi.

Figo yenye afya haitegemei kuchuja peke yake kama mashine. Seli za mirija yake zina milango maalumu inayozikamata sumu zilizo kwenye albumini, kuzibandua na kuzitupa kwenye mkojo. Kupe huvuliwa mmoja mmoja kwa mkono. Hakuna mashine iliyotengenezwa bado inayofanya hivyo. Kwa hiyo nusu lita yako, hata kama yurea iliyomo ni kidogo, inatoa sumu za kundi la tatu saa 24 kila siku, zikiwamo siku ambazo huendi kituoni, na inakusaidia kutoa maji ili kwenye mashine usivutwe kwa nguvu presha ikaanguka. Presha ikianguka mara kwa mara, hiyo figo iliyobaki ndiyo inayokosa damu na kumalizika.

Ilinde, basi. Ukiumwa magoti usikubali diklofenaki wala ibuprofeni, ya kumeza au ya sindano. Ukilazwa popote, waambie kabla hawajaandika dawa kwamba bado unakojoa, ili wakiweza waepuke jentamisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo. Na omba kipimo cha mkojo wa saa 24, kirudiwe kila miezi miwili au mitatu. Kama zamu yako ni Alhamisi saa moja asubuhi, Jumatano saa moja asubuhi nenda chooni ukojoe, mkojo huo uutupe. Kuanzia hapo kila unapokojoa, mchana na usiku, weka katika kidumu kimoja safi chenye kifuniko, ukiweke mahali pa baridi. Alhamisi kabla ya kutoka nyumbani kojoa mara ya mwisho na huo nao uumimine humo, uandike saa uliyoanza na uliyomaliza, kisha ukifika kituoni umkabidhi nesi na umkumbushe atoe damu ya kipimo kabla hajakuunga kwenye mashine.